Flashi Inapogoma Katikati ya Kazi: Jinsi ya Kusaka Tatizo Hatua kwa Hatua

Flashi ya kamera iliyokufa kabisa haina shida: haiwaki, unaiweka kando, unachukua nyingine. Inayotesa ni ile inayowaka mara tatu, ikakuruka ya nne, halafu ikawaka vizuri mara tu unapoinama kuikagua. Hapo ndipo wengi hushika kila kitu kwa pamoja. Wanabadilisha chaneli, wanachomoa betri, wanazima kamera, wanapandisha ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga), yote ndani ya dakika moja. Ikianza kuwaka hawajui kilichoiponya ni kipi, na ikigoma tena baada ya nusu saa wanaanza mwanzo.

Dawa ni kuikata njia vipande na kupima kipande kimoja kimoja. Njia yenyewe ni fupi: kuna umeme unaoilisha flashi, kuna flashi, kuna kinachopeleka amri kutoka kwenye kamera (kikalio cha juu ya kamera, waya au redio), na kuna kamera yenyewe. Badilisha kitu kimoja, piga fremu tano au sita, ndipo uguse kingine. Na uanze na betri na mipangilio kabla ya kushuku flashi, maana flashi kama mashine ni imara kuliko inavyosingiziwa.

Hatua ya 1: Jua amri inakatikia wapi

Karibu kila flashi ina kitufe cha majaribio, mara nyingi nyuma, karibu na kitaa kinachoonyesha kwamba imejaa. Kibonyeze. Kisha bonyeza kitufe cha majaribio cha triga, yaani kile kifaa cha redio kinachokaa juu ya kamera. Mwisho piga picha ya kawaida. Majaribio hayo matatu hayamalizi nusu dakika, na yanakuonyesha pa kwenda:

- Flashi haiwaki hata kwa kitufe chake yenyewe: shida mara nyingi ni umeme. Nenda hatua ya 2.
- Inawaka kwa kitufe chake lakini haiitikii triga: shida iko njiani. Nenda hatua ya 4.
- Inaitikia kitufe cha triga lakini haiwaki unapobonyeza shata, yaani kitufe cha kupigia picha: ni kikalio au kamera. Hatua ya 3 na ya 5.
- Inawaka kila mara, unaiona kwa macho, lakini picha inatoka nyeusi, nusu nyeusi, au mwanga unapanda na kushuka: hatua ya 6.

Kama ugomvi wenu ni wa kuruka-ruka, jaribio la mara moja halikwambii chochote. Rudia kila moja mara kumi, flashi ikiwa kwenye hali ya M (unaipangia nguvu mwenyewe) na nguvu ndogo, tuseme 1/16 ya nguvu kamili, ili kuijaza upya kusiwe kikwazo. Ikiwaka mara zote kumi kwa 1/16 lakini ikaruka kwa nguvu kamili, umeshapata jibu bila kufungua chochote: ni betri, au unapiga haraka kuliko inavyoweza kujaa.

Hatua ya 2: Betri, tena betri

Flashi ndogo nyingi hula betri nne za AA. Umeme wake mdogo hupandishwa hadi karibu volti 300, ukahifadhiwa kwenye kapasita, kisha hutolewa kwa mkupuo mmoja kupitia mrija wenye gesi ya zenoni. Kazi nzito ya betri ni kuijaza upya hiyo kapasita baada ya kila mmweko, na hapo flashi huvuta umeme kwa pupa. Ndiyo maana betri inayoendesha saa ya ukutani kwa miezi inaweza kushindwa kuijaza flashi hata mara mbili mfululizo.

Betri za alikalini zimeandikwa volti 1.5 na zile za kuchaji za NiMH zimeandikwa 1.2, basi mtu hudhani alikalini ndizo zenye nguvu. Kwenye flashi mambo ni kinyume. Alikalini zina ukinzani mkubwa wa ndani: zikivutwa kwa nguvu, volti zake huanguka, na kadiri zinavyotumika ndivyo muda wa kujaa unavyorefuka. NiMH humwaga umeme mwingi kwa wakati mmoja na volti zake hukaa karibu palepale hadi mwisho. Kwa kazi ya kulipwa, weka NiMH za aina isiyovuja chaji ikiwa imelala kabatini, kama zile za Eneloop zilizoanza kuuzwa mwaka 2005. Alikalini ziwe akiba ya dharura, tena ukizimaliza kazi hiyo uzitoe.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuchanganya. Betri nne kwenye flashi zimepangwa mfululizo, kwa hiyo umeme wote hupita katika kila moja, na iliyochoka ndiyo inayoamua kasi ya zote. Moja ikiisha kabla ya wenzake, hao watatu wataendelea kusukuma umeme ndani yake kinyumenyume, na hapo inaharibika moja kwa moja. Zipange kwa seti: andika kwa kalamu ya wino mzito A1, A2, A3, A4, kisha B1 na kuendelea. Seti inachajiwa pamoja, inatumika pamoja, na siku ikistaafu inastaafu pamoja.

Kumjua mgonjwa ndani ya seti si kazi ngumu. Baada ya kupiga mfululizo, toa betri zote nne uzishike mkononi: iliyo moto waziwazi kuliko wenzake ina ukinzani mkubwa, ishuku. Chaja zinazopima ujazo husema wazi zaidi. Ukiona tatu zinatoa karibu mAh 1900 (kipimo cha ujazo wa betri) na ya nne inatoa 1200, usitafute tena. Mita ya volti peke yake hudanganya, kwa sababu betri iliyochoka huweza kuonyesha volti nzuri tu ikiwa haijabebeshwa mzigo.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: kuna betri za lithiamu za 14500 ambazo umbo lake ni sawasawa na AA lakini kila moja ina volti 3.7. Zinaingia vizuri kabisa, na zitaiunguza flashi.

Ukishamaliza betri, angalia nyumba yake. Fungua mlango, tazama springi na vibati vya chuma kwa tochi. Unga mweupe au wa kijani ni mabaki ya alikalini iliyovuja. Lowesha kidogo pamba ya kijiti kwa siki, futa unga, kisha pitisha pamba nyingine yenye alikoholi safi, na uache pakauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Kama springi imelegea, ivute kwa upole ili ikandamize betri zaidi. Mlango uliolegea nao huleta kuruka-ruka: utaona flashi inazima ukiigusa au ukiipindua wima. Kipande cha gundi ya utepe kikiubana mlango na tatizo likatoweka, umempata mkosaji.

Flashi zenye betri moja kubwa ya lithiamu zina usumbufu mdogo zaidi, ila betri yake nayo huzeeka na kipimo cha kwenye skrini huwa na matumaini kupita kiasi. Ikishuka kutoka vibao vitatu hadi sifuri ndani ya dakika chache, imechoka.

Hatua ya 3: Mguso wa chuma

Flashi au triga hukaa kwenye kikalio cha juu ya kamera. Pini kubwa ya katikati ndiyo inayosema "waka sasa". Zile ndogo zinazoizunguka hubeba mazungumzo ya TTL (kamera kupima mwanga kupitia lenzi na kuipangia flashi nguvu yenyewe) na mengineyo. Kwa hiyo kama flashi inawaka lakini TTL inakataa, pini ya katikati ni nzima na moja ya zile ndogo haigusi. Kama haiwaki kabisa, anza na ya katikati.

Chomoa, rudisha ukisukuma mpaka mwisho wa reli, halafu funga kufuli. Mara nyingi sana shida inaishia hapo: triga imekaa milimita moja nyuma ya mahali pake, na kila kamera ikitikiswa pini zinaachia. Ikiendelea, futa pini za chini ya triga na vibati vya kikalio kwa pamba yenye alikoholi. Jasho, vumbi na mafuta ya vidole hujenga utando usioonekana. Wengine husugua kwa raba ya penseli; inafaa, lakini kwa mkono mwepesi, na makombo yake yafutwe yote, kwa sababu kombo moja likibaki kwenye reli umejitengenezea tatizo jipya.

Si kila kikalio kinafanana. Sony walirithi kutoka Minolta kikalio cha umbo lake chenyewe, na tangu 2012 wanatumia kingine chenye pini nyembamba zilizojificha upande wa mbele; hizo hupinda ukiingiza flashi kwa haraka au kwa mshazari. Canon nao, kwenye baadhi ya kamera za bei ya chini kama EOS 250D, waliondoa kabisa pini ya katikati. Triga ya kawaida isiyozungumza lugha ya Canon haitawaka kwenye kamera hiyo hata ukiisafisha usiku kucha. Kabla ya kununua triga, kodolea macho kikalio chako kwanza.

Na kama mtu amekupa flashi ya zamani ya enzi za filamu, usiipachike kwenye kamera ya kisasa kabla ya kuipima. Baadhi yake hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye pini ya katikati, na kamera nyingi za dijitali hazikujengwa kuvumilia hayo. Iwashe, isubiri ijae, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye pini ya katikati na nyingine kwenye chuma cha pembeni. Ikisoma namba kubwa, itumie kwa mbali, kupitia risiva (kifaa kinachopokea amri ya triga) inayostahimili, au kwa jicho lake la mwanga, linaloiwasha likiona mmweko wa flashi nyingine.

Waya wa sinki, unaounganisha kamera na flashi, kwa wanaoutumia, hukatikia karibu na kichwa cha plagi. Uukunje taratibu pale huku mwenzako akipiga picha. Ikiwaka upande mmoja na kugoma upande mwingine, nunua mwingine. Kuunga hakudumu.

Hatua ya 4: Redio

Triga nyingi za leo hutumia masafa ya 2.4 GHz, barabara ileile inayotumiwa na Wi-Fi na Bluetooth. Ukumbini penye wageni mia tatu, kila mmoja na simu, barabara hiyo ina msongamano. Kabla ya kugusa chaneli, hakikisha mambo manne ambayo macho huyapita: chaneli ni moja pande zote mbili, namba ya utambulisho, kama mfumo wako unayo, ni moja, kundi la flashi hiyo (A, B, C) halijazimwa kwenye triga, na flashi imewekwa kama mpokeaji, si mtumaji. Kundi lililozimwa linaongoza. Mtu alizima B ili kujaribu taa moja, akasahau, sasa anafungua mlango wa betri.

Yakiwa sawa yote, badilisha chaneli. Ruka mbali, usiende ya jirani: kutoka 3 nenda 17, wala si 4. Triga zenye uwezo wa kuchungulia masafa zitakutafutia zilizo tupu. Utumie uwezo huo ukiwa ukumbini na watu wamo, kwa kuwa chumba kitupu asubuhi hakifanani na chumba hichohicho usiku.

Kisha angalia mahali. Maji hunyonya masafa haya, na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo safu ya watu kati yako na flashi ni ukuta. Pandisha stendi ili flashi ipite juu ya vichwa. Usiifiche nyuma ya spika, friji au nguzo ya chuma. Na kuna jambo linaloonekana kama uchawi lakini ni fizikia: wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa takriban sentimita 12, na mawimbi yanayogonga kuta hurudi yakakutana na yanayokuja, mengine yakafutana. Flashi inaweza kuwa imesimama mahali ambapo hayo yanafutana. Ihamishe upana wa kiganja, au izungushe kidogo, na inaamka. Nimeona watu wakibadilisha betri, triga na hata flashi nzima, kumbe stendi ilitakiwa kusogezwa tu.

Ukaribu nao ni tatizo. Baadhi ya triga hulemea risiva iliyo umbali wa mkono, ndiyo maana mifumo kama ya Godox ina chaguo la umbali mfupi na umbali mrefu kwenye menyu. Ukipiga bidhaa mezani na flashi ikawa inaruka, tazama chaguo hilo.

Usingizi ni mwizi mwingine. Flashi huzima yenyewe kuokoa betri, na si kila triga inaweza kuiamsha. Dalili yake ni rahisi kuitambua: inaruka fremu ya kwanza tu baada ya mapumziko, hotuba ikiwa imekwisha na watu wanasimama kupiga makofi, halafu zinazofuata zote zinawaka. Zima kabisa uokoaji wa betri kwenye flashi. Kwenye triga unaweza kuuacha, ukijizoesha kugusa shata nusu kila baada ya muda.

Wanaotumia jicho la mwanga badala ya redio wana sheria zao. Hali ya S1 huwaka kwa mmweko wa kwanza inaouona; S2 hupuuza mmweko wa awali wa TTL na kusubiri ule wenyewe. Ukiweka S1 huku flashi ya kamera iko kwenye TTL, ile ya mbali itawaka mapema, utaiona kwa macho, na picha haitakuwa nayo. Nje kwenye jua jicho hilo hupofuka. Ukumbini penye wapiga picha wengine, kila flashi yao itaiwasha yako, na itakapofika zamu yako haijajaa.

Hatua ya 5: Kamera inayokataa kimyakimya

Kamera za sasa zina namna nyingi za kuizuia flashi bila kukuambia. Inayoongoza ni shata ya kielektroniki, au hali ya ukimya. Uliiwasha kwenye ibada ili usisumbue, ukasahau, na leo flashi haiwaki. Kwenye kamera nyingi shata hiyo husoma sensa (sehemu inayonasa picha) polepole mno kwa flashi, basi kamera huikatalia kabisa. Zipo chache zilizovuka kikwazo hicho, kama Sony A9 III inayosoma sensa yote kwa mkupuo mmoja, lakini usihesabu kwamba ya kwako ni mojawapo. Rudisha shata ya mekaniki.

Baada ya hapo pitia menyu: kuna kipengele kinachoruhusu au kuzuia flashi ya nje kuwaka, kuna hali za mandhari za kiotomatiki zinazoizima, kuna upigaji wa mfululizo wa kasi na ule wa kuunganisha picha kadhaa za mwanga tofauti, ambao kwenye baadhi ya kamera hauendi pamoja na flashi. Ukiwa na haraka, geuza kipete cha kamera kwenye M, shata 1/125, fremu moja moja. Ikiwaka hapo, kikwazo kilikuwa kwenye mpangilio mmojawapo, utautafuta nyumbani.

Kwenye kamera zisizo na kioo kuna kero ndogo: ukiweka mwanga kwa ajili ya flashi, skrini inakuwa nyeusi tii kwa sababu inaiga picha bila flashi. Si ubovu. Zima ule uigaji wa mwanga kwenye menyu utaona unachopiga.

Hatua ya 6: Inawaka, lakini picha inakosea

Mstari mweusi chini au juu ya picha, wenye ukingo ulionyooka, ni kasi ya shata. Shata ya mekaniki ina mapazia mawili, na juu ya kasi fulani la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, hivyo mmweko hukuta sehemu ya sensa imefunikwa. Kikomo hicho ni 1/200 au 1/250 kwenye kamera nyingi, na baadhi ni 1/160 au 1/180. Triga za bei nafuu huchelewesha amri kidogo, kwa hiyo mstari mwembamba ukitokea kwenye 1/200, shuka 1/160. Ukitaka kasi ya juu zaidi kuna hali ya sinki ya kasi, inayowasha mrija kwa mapigo mengi yanayofuatana, lakini inakula nguvu: tarajia kupoteza stopu mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga) au zaidi, na flashi kupata moto mapema.

Mwanga unaopanda na kushuka kutoka fremu hadi fremu una sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kukosa subira. Kwenye flashi nyingi kitaa cha kuonyesha imejaa huwaka kabla kapasita haijajaa kabisa, ukipiga papo hapo unapata mwanga pungufu. Hesabu kimoyomoyo sekunde moja au mbili zaidi. Kama huwezi kusubiri, punguza nguvu: kutoka 1/1 hadi 1/4 ni stopu mbili, na ISO kutoka 400 hadi 1600 inazirudisha zote mbili. Flashi inajaa upesi, betri zinadumu, kichwa hakipati moto. Wapigaji wengi hung'ang'ania ISO 100 ndani ya ukumbi kwa sababu ya woga wa chenga zinazochafua picha, kisha wanailaumu flashi kwa kuchoka. Ukiwa na flashi mbili, ziweke pamoja kila moja kwenye 1/2. Mwanga ni uleule wa moja iliyo 1/1, bila kuzikamua.

Sababu ya pili ni TTL kufanya kazi yake. Inapima mwanga unaorudi na kukisia. Bi harusi wa gauni jeupe akijaza fremu, inapunguza. Bwana harusi wa suti nyeusi akijaza, inaongeza. Flashi ni nzima. Watu wakiwa wamesimama umbali usiobadilika, hamia M, weka nguvu mara moja na uiache. TTL iwe kwa ajili ya kutembea katikati ya watu.

Kingo zikiwa na giza kama duara, angalia zumu ya kichwa cha flashi, inayobana au kutandaza mwanga. Imebaki kwenye 105 mm huku wewe umevaa lenzi ya 24 mm. Kwenye flashi nyingi zenye kile kipande cha plastiki cha kutandaza mwanga, ukikivuta zumu hufungwa. Kikivunjika na swichi yake ikabaki imebanwa, zumu haitatii tena.

Flashi ikipungua kasi ghafla ingawa betri ni mpya, pengine imejikinga na joto. Baada ya mimweko kadhaa ya nguvu kamili mfululizo flashi nyingi hujichelewesha au hufunga kabisa hadi zipoe, na baadhi huonyesha alama ya kipimajoto. Ipumzishe dakika kumi, fungua mlango wa betri ipumue. Usiiwekee barafu wala maji.

Taa kubwa za studio

Hizi zina vituko vyake, vichache. Ukishusha nguvu kwenye nyingi za zamani, kapasita bado imeshika chaji ya juu, na fremu ya kwanza inatoka nyeupe. Bonyeza kitufe cha majaribio kila unaposhusha. Ikiwa imekufa ghafla, angalia fyuzi kabla ya kulia, na uweke nyingine ya ampea zilezile. Iliyolala kabatini mwaka mzima isidaiwe nguvu kamili siku hiyohiyo: iwashe kwenye nguvu ndogo, iache nusu saa au zaidi, halafu panda taratibu, kwa sababu kapasita hulegea zikikaa bila chaji. Na kabla hujaunganisha softboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga), hakikisha kile kifuniko cha plastiki cha kusafirishia kimetoka. Taa ya mwongozo, ile inayowaka mfululizo, ikiwaka chini yake kitayeyukia kwenye mrija.

Mteja akiwa amesimama mbele yako

Jipe dakika mbili. Hatua ya kwanza, kisha betri mpya, kisha chaneli nyingine. Ikikataa, acha kutafuta na hamia njia ya akiba: toa flashi kwenye stendi, ipachike moja kwa moja kwenye kamera, geuza kichwa kwenye dari au ukuta mweupe, ISO 1600, endelea. Au iache kwenye stendi: kama kamera ina flashi yake ndogo ya kuinuka, ishushe nguvu hadi 1/64 au 1/128 kwa M na uiache iwashe kubwa kwa jicho la mwanga, S1. Waya mmoja wa kuunganisha flashi na kamera ukae mfukoni siku zote. Hauna chaneli, hauna usingizi, haujali Wi-Fi ya mtu. Mwongoze mteja ahamie karibu na dirisha huku ukibadilisha, wala usianze kumweleza ubovu wa kifaa. Hana haja nao, na utamharibia uso.

Ukirudi nyumbani, rudia tatizo ukiwa umetulia. Flashi kwenye M, 1/1, kamera juu ya meza ikiutazama ukuta, piga fremu ishirini ukisubiri sekunde tano kati ya moja na nyingine, kisha zipitie kwenye kompyuta. Ukuta unapaswa kuwa na mwanga uleule kote. Badilisha triga, rudia. Badilisha seti ya betri, rudia. Kipande kinachofuatana na tatizo kila kinapokwenda ndicho hicho.

Kama ni flashi yenyewe, iende kwa fundi wa flashi. Usifungue boksi lake, hata baada ya kutoa betri: kapasita hubaki na mamia ya volti kwa muda mrefu, kiasi cha kuweza kukuua. Mpelekee pamoja na betri ulizokuwa ukitumia, na umwandikie kwenye karatasi inagoma lini: kwa nguvu ipi, baada ya mimweko mingapi, ikiwa wima au imelala, ya moto au ya baridi. Bila hayo ataiwasha mezani mara mbili, itawaka, na atakurudishia ikiwa vilevile.